Neno Bila Pazia: Historia ya Kikundi cha Maigizo cha Wanafunzi wa Kraków

Kila mwaka Kwaresima inapokaribia, katika seminari zetu nyingi majandokasisi huanza mazoezi ya igizo la Mateso ya Bwana. Na kila mwaka swali lilelile hurudi. Waamini wengine hutuuliza kwa utani, wengine bila utani hata kidogo: “Tunawachangia mkasomee upadre, au mkajifunze kuigiza?” Hata miongoni mwetu wapo wanaoona kwamba jukwaa ni jambo la watoto wa shule, na kwamba anayejiandaa kwa altare angefanya vyema kuliacha mlangoni siku anapoingia seminari.

Tumeona tusilijibu swali hili kwa hoja tu, bali kwa historia. Ni historia ya kikundi kidogo cha maigizo kilichozaliwa kati ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Kraków, nchini Poland, mwaka mmoja kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mmoja wa vijana hao alikuwa Karol Wojtyła, ambaye sisi tunamfahamu kwa jina la Mtakatifu Yohane Paulo II. Maisha yake ya utakatifu tumeyasikia mara nyingi. Hapa tunataka kutazama lile kundi lenyewe: lilianzaje, lilinusurikaje, lilimfundisha nini, na kwa nini ilimbidi aliache.

Kijana kutoka Wadowice

Karol alizaliwa tarehe 18 Mei 1920 katika mji mdogo wa Wadowice. Mama yake, Emilia, alifariki mwaka 1929. Kaka yake Edmund, aliyekuwa daktari, alifariki mwaka 1932 baada ya kuambukizwa ugonjwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Karol akabaki na baba yake, askari mstaafu, mtu wa sala na wa maneno machache.

Katika mji huo palikuwa na mwalimu kijana aitwaye Mieczysław Kotlarczyk, aliyezaliwa mwaka 1908. Alifundisha katika shule ya wasichana na roho yake yote ilikuwa katika maigizo. Kwake yeye Karol alipata mwalimu wa kwanza wa kutamka. Vijana wa shule za Wadowice waliigiza tamthilia za washairi wakubwa wa Poland, na hata *Antigone* ya Sophocles, ambamo Karol aliigiza nafasi ya Haemon. Inasimuliwa kwamba walipokuwa wakiandaa tamthilia ya *Balladyna* ya Juliusz Słowacki, mmoja wa waigizaji alisimamishwa shule zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya onyesho. Karol akaichukua nafasi yake juu ya ile aliyokuwa nayo. Kwa kuwasikiliza wenzake wakati wa mazoezi, alikuwa amekwisha kuyakariri maneno yao pia.

Mwezi Mei 1938 Askofu Mkuu wa Kraków, Adam Sapieha, alitembelea shule hiyo, na Karol ndiye aliyechaguliwa kumkaribisha kwa hotuba. Askofu alipendezwa naye, akamwuliza padre mwalimu wa dini kama kijana huyo angeingia seminari. Akajibiwa kwamba anakwenda chuo kikuu kusomea lugha na fasihi ya Kipolandi. Askofu akasema ni jambo la kusikitisha. Tulikumbuke neno hilo, kwa maana tutakutana na Askofu huyu tena.

Studio 38

Chuo Kikuu cha Jagiellonian kilianzishwa mwaka 1364 na Mfalme Kazimierz Mkuu. Ni kati ya vyuo vikuu vikongwe vya Ulaya, na Copernicus alisoma hapo. Karol na baba yake walihamia Kraków katika kiangazi cha mwaka 1938, wakakaa katika nyumba ya mtaa wa Tyniecka namba 10, eneo la Dębniki ng’ambo ya mto Vistula. Vyumba vyao vilikuwa vya chini kabisa, nusu vimezama ardhini, vyenye giza na unyevunyevu. Marafiki waliviita katakombe.

Katika mwaka huo wa kwanza wa masomo Karol alijiunga na kikundi cha maigizo kilichoitwa Studio 38. Kilianzishwa na mwandishi Tadeusz Kudliński ili kuwakusanya vijana waliopenda jukwaa, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Walijifunza kutamka, kupumua, kusimama na kuingia jukwaani, na baada ya mazoezi walirudi nyumbani kwa miguu wakibishana juu ya ushairi, kama wafanyavyo wanafunzi popote duniani.

Mwezi Juni 1939 walionyesha mbele ya umma *Kawaler księżycowy*, yaani “Bwana wa Mwezini”, igizo la kuchekesha la Marian Niżyński linalotokana na ngano maarufu ya Kipolandi. Onyesho lilifanyika katika ua wa jengo la kale la chuo. Alama za nyota zilikuwa miongoni mwa wahusika, na Karol alikuwa Ng’ombe Dume. Watu walicheka wakafurahi. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa mara yao ya mwisho kuigiza mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja bila hofu.

Siku walimu walipochukuliwa

Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na Karol alikuwa Kanisa Kuu la Wawel akimtumikia Misa Padre Kazimierz Figlewicz, mabomu yalipoanza kuanguka mjini.

Tarehe 6 Novemba 1939 walimu wa chuo kikuu waliitwa ukumbini, wakidhani wanakwenda kusikiliza mhadhara wa ofisa wa Kijerumani. Badala ya mhadhara walikamatwa. Watu 183 walichukuliwa siku hiyo, na wengi wao wakapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Mmoja wao, mzee Ignacy Chrzanowski, mwanahistoria mashuhuri wa fasihi ya Kipolandi, alifia huko mwezi Januari 1940. Chuo kikafungwa. Nia ya wavamizi ilikuwa wazi: Mpolandi abaki kuwa kibarua, na kibarua hahitaji washairi wala walimu.

Hapo ndipo maigizo yalipoacha kuwa mambo ya burudani. Kuigiza tamthilia ya Kipolandi mbele ya Wapolandi kulikuwa kosa, na aliyekamatwa angeweza kupelekwa kambini au kuuawa. Kambi ya Auschwitz, iliyofunguliwa mwaka 1940, haikuwa mbali: kutoka Kraków ni kama kilometa 60, na kutoka Wadowice ni karibu zaidi.

Wanafunzi wale hawakutawanyika wote. Baadhi walianza kukutana nyumbani kwa mwenzao Juliusz Kydryński kusoma tamthilia kwa sauti, kila mmoja na nafasi yake. Karol aliandika tamthilia zake mwenyewe juu ya watu wa Agano la Kale: Daudi, Ayubu, Yeremia. Ni rahisi kuelewa kwa nini kijana wa taifa lililovamiwa alimchagua Ayubu. Ili apate kitambulisho cha kazi kitakachomkinga asichukuliwe kwenda kufanya kazi za kulazimishwa Ujerumani, aliajiriwa mwaka 1940 katika machimbo ya mawe ya Zakrzówek, kisha katika kiwanda cha kemikali cha Solvay, alikokuwa akibeba ndoo za chokaa kwa mzega. Mchana alivunja mawe. Jioni alikariri mashairi.

Tarehe 18 Februari 1941 alirudi nyumbani na chakula na dawa, akamkuta baba yake amefariki. Alikuwa hajatimiza miaka 21, na hakubakiwa na mtu wa familia yake. Nyumba ya Kydryński ikampokea kwa miezi kadhaa. Tunalitaja hili kwa sababu historia ya kikundi hiki si ya maonyesho tu. Ni historia ya vijana waliopokeana.

Teatr Rapsodyczny

Katika kiangazi cha mwaka 1941 Mieczysław Kotlarczyk na mkewe Zofia waliondoka Wadowice na kuja Kraków. Karol akawapa nafasi katika vyumba vile vya Tyniecka. Mwezi Agosti mwalimu na mwanafunzi wake wa zamani, pamoja na wenzao wachache, waliamua kuanzisha kikundi kipya juu ya mabaki ya kile cha wanafunzi. Walikuwa watano: Kotlarczyk, Karol, Krystyna Dębowska, Halina Królikiewicz na Danuta Michałowska, ambaye alikuwa bado binti mdogo. Kikaitwa Teatr Rapsodyczny, kwa kuwakumbuka waghani wa Wayunani wa kale waliosimama mbele ya watu na kusimulia tenzi ndefu kwa sauti tu.

Jina hilo lilieleza pia namna yao ya kufanya kazi. Hawakuwa na ukumbi, wala pazia, wala taa za jukwaani, wala mavazi ya wafalme. Walikuwa na sebule ya nyumba ya mtu, mshumaa, pengine kinanda, na watazamaji wachache wa kuaminika waliofika mmoja mmoja wasije wakashukiwa. Umaskini huu uliletwa na vita, lakini Kotlarczyk hakuuona kuwa hasara. Tangu zamani aliamini kwamba moyo wa tamthilia ni neno, na kwamba mapambo mengi hulifunika. Sasa hali ilimlazimisha afanye kile alichokuwa akikifundisha.

Basi walichukua shairi refu wakaligawa katika sauti mbalimbali. Mwigizaji alisimama karibu bila kusogea. Ishara ya mkono ilikuwa adimu, hivyo ilipotokea ilikuwa na uzito. Kila silabi ilitakiwa isikike, kila kituo kiwe na sababu. Kazi ya mwigizaji haikuwa kuwaonyesha watu jinsi anavyohuzunika, bali kulitamka neno kwa ukweli kiasi kwamba msikilizaji mwenyewe akutane na jambo linalosemwa. Kotlarczyk aliiona kazi hiyo kuwa karibu na ukuhani: mwigizaji anafungua mlango, kisha anakaa pembeni watu wapite.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 1 Novemba 1941, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Walighani *Król-Duch*, yaani “Mfalme Roho”, utenzi wa Słowacki. Karol alikuwa na sehemu ya Mfalme Bolesław, yule aliyemwua Mtakatifu Stanislaus, Askofu wa Kraków. Wenzake walikumbuka jambo moja juu ya sehemu hiyo. Mara ya kwanza aliighani kwa nguvu, kama mfalme. Kiasi cha wiki mbili baadaye, utenzi uliporudiwa, aliisema kwa sauti ya chini, tulivu, karibu bila rangi. Baadhi ya wasikilizaji hawakupendezwa, wakamwuliza sababu. Akaeleza kwamba alikuwa ametafakari upya: maneno yale ni maungamo, mfalme anaungama dhambi yake. Kijana wa miaka 21, asiye mseminari bado, alikuwa amegundua kwamba muuaji anayetubu hapigi kelele. Miaka mingi baadaye alikaa yeye mwenyewe katika kiti cha Askofu yule aliyeuawa.

Kituko kingine kilitokea mwezi Novemba 1942, walipoghani sehemu za *Pan Tadeusz*, utenzi mkubwa wa Adam Mickiewicz. Karol alikuwa katikati ya maungamo ya Padre Robak aliye kufani, ghafla vipaza sauti vya mtaani vikaanza kunguruma vikitangaza ushindi wa majeshi ya Ujerumani. Hakunyamaza, wala hakupandisha sauti ili kushindana navyo. Aliendelea vilevile, kana kwamba havikuwapo. Vipaza sauti vikamaliza, na maungamo yakawa bado yanaendelea.

Katika miaka yote ya uvamizi kikundi kiliandaa maonyesho mapya 7, kikayaonyesha mara 22, kwa mazoezi yaliyozidi 100. Linganisha hesabu hizo. Kwa kila mara moja waliyosimama mbele ya watu, walikuwa wamekutana kwa siri mara nne au tano kujiandaa, na kila safari ya kwenda mazoezini ilikuwa ya hatari.

Je, ilikuwa na maana?

Ni haki kuuliza. Wakati huo raia wa Poland walikuwa wakiuawa kwa mamilioni. Hadi vita inakwisha walikufa takriban milioni 6, karibu nusu yao Wayahudi. Wapo vijana wa rika la Karol waliochagua silaha, na hatuwezi kuwahukumu. Kughani tenzi sebuleni katika hali kama hiyo kunaweza kuonekana ni kuukimbia ukweli.

Vijana wale hawakuona hivyo. Anayetaka kuliangamiza taifa huanza na kumbukumbu yake na lugha yake. Ndiyo maana walimu walikamatwa ndani ya miezi miwili na siku chache tangu uvamizi. Kulinda lugha kulikuwa kulinda utu. Na kwa kuwa kikundi kilijifunza kulisema neno la kweli pasipo kelele mahali palipojaa kelele za uongo, kilimpa Karol silaha ambayo hakuiweka chini tena. Mwezi Juni 1979, akiwa Papa, alirudi katika nchi yake iliyokuwa chini ya utawala wa kikomunisti. Kwa siku 9 hakufanya lingine ila kuadhimisha Misa, kusali na kusema. Hakuwataja watawala kwa matusi, wala hakumwita mtu apindue serikali. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa Poland walianzisha chama chao cha Mshikamano, na wengi wao walisema kwamba woga uliwatoka katika siku zile 9.

Usiku wa talanta

Sasa tunafika penye ugumu. Katika vuli ya mwaka 1942 Karol alikwenda kwa Askofu Mkuu Sapieha, yule yule aliyesikitika mwaka 1938, akaomba kuwa padre. Seminari ilikuwa ya siri. Majandokasisi walisoma wakiwa kazini na majumbani, wakifanya mitihani kwa walimu mmoja mmoja, wala hawakuambiana. Mwenzake mmoja, Jerzy Zachuta, aliyekuwa akitumikia Misa pamoja naye, alikamatwa na polisi wa siri wa Kijerumani mwaka 1944 akapigwa risasi.

Hatari ya nje Karol aliijua. Lililokuwa zito ni kuwaambia marafiki. Kotlarczyk, aliyekaa naye nyumba moja na kuweka tumaini lote la kikundi juu yake, alijaribu kumzuia. Tadeusz Kudliński, mwanzilishi wa Studio 38, alibishana naye usiku kucha. Hoja yake haikuwa ya kipagani. Alichukua Injili: mfano wa talanta. Mungu amekupa kipaji hiki, nawe unataka kukifukia?

Tuipime hoja hiyo kwa unyofu, maana kila mseminari ameisikia kwa sura yake. Mwenye kichwa cha hesabu ameambiwa na wajomba, mwenye mkono wa ufundi ameambiwa na rafiki, mwenye sauti ameambiwa na kwaya nzima ya parokia. Nao hawasemi kwa ubaya, kwa sababu kipaji ni cha Mungu kweli.

Karol hakubadili nia. Jukwaa hakulikimbia wala hakulilaani. Aliendelea na kikundi kwa muda wakati masomo ya siri yameshaanza, na mwezi Machi 1943 aliigiza nafasi yake kubwa ya mwisho katika *Samuel Zborowski* ya Słowacki. Kisha akaaga. Sisi tunaona kwamba jibu kwa mfano wa talanta limo katika neno jingine la Bwana, lile la punje ya ngano katika Injili ya Yohane, sura ya 12. Kuna kufukia kwa woga, na kuna kufukia kwa kupanda. Yule mtumwa mvivu aliificha talanta ili aitunze kwa ajili yake bila hasara. Mkulima anaiachilia mbegu isiwe yake tena. Ukiwatazama siku hiyo hiyo wakiwa na mikono kwenye udongo, huwezi kuwatofautisha. Ni mavuno tu yatakayosema.

Alipewa daraja takatifu ya upadre tarehe 1 Novemba 1946, kwa mikono ya Sapieha, wakati huo Kardinali, katika kikanisa cha makao yake. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, miaka 5 kamili tangu onyesho la *Król-Duch*.

Yaliyolipata kundi baadaye

Kikundi hakikufa kwa kumpoteza Karol. Vita vilipokwisha kilitoka mafichoni na kuanza kuonyesha hadharani mwaka 1945. Lakini watawala wapya nao hawakupenda neno wasilolitawala. Mwaka 1953 kilifungwa, mwaka 1957 kikaruhusiwa tena, na mwaka 1967 kikafungwa moja kwa moja. Halina Królikiewicz na Danuta Michałowska walidumu katika uigizaji, na Michałowska akawa pia mwalimu wa waigizaji.

Padre Wojtyła hakuwasahau. Aliandika makala kuhusu “tamthilia ya neno” katika gazeti la Kikatoliki la Kraków, kwa jina la kubuni. Aliandika pia tamthilia, mojawapo ikiwa juu ya Adam Chmielowski, mchoraji aliyeacha sanaa yake akawatumikia maskini, yaani Ndugu Albert, ambaye baadaye alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1989. Anayejua habari za usiku wa talanta ataelewa kwa nini mtu huyo alimgusa. Kotlarczyk alipoandika mafundisho yake ya maisha yote juu ya neno lililo hai, kitabu kilichapishwa Roma mwaka 1975 na Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana, na dibaji iliandikwa na Kardinali Wojtyła. Mwalimu yule alifariki mwezi Februari 1978. Miezi 8 baadaye mwanafunzi wake alichaguliwa kuwa Papa.

Sisi tunachukua nini?

Kwanza, kuhusu ambo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia namba 7, unafundisha kwamba Maandiko Matakatifu yanaposomwa kanisani, Kristo mwenyewe ndiye anayesema. Kama ndivyo, basi msomaji anayeliona somo kwa mara ya kwanza akiwa ambo amefanya jambo ambalo Warapsodia hawakulifanya hata kwa shairi la binadamu. Wao walijiandaa zaidi ya mara 100 kwa maonyesho 22. Sisi tujiandae walau mara moja. Tusome somo nyumbani kwa sauti. Tujue jina gumu linatamkwaje, sentensi inaishia wapi, na nani anasema na nani.

Pili, kusoma vizuri si kujionyesha. Kuna msomaji anayemeza maneno, na kuna mwingine anayeyatetemesha hadi waamini wakamtazama yeye. Wote wawili wamesimama mlangoni wakauziba. Karol aliposhusha sauti katika maungamo ya mfalme, alipoteza makofi, lakini neno lilipita. Hata mhubiri akitamani kushindana na kelele za nje ya kanisa, akumbuke *Pan Tadeusz* na vipaza sauti vya mtaani.

Tatu, kuhusu igizo la Mateso. Likiandaliwa ili waamini walie na sisi tusifiwe, wanaolalamika wana haki. Likiandaliwa kwa namna ya Kraków, yaani kwa kusoma Injili mara nyingi pamoja, kwa nidhamu, kwa kumsubiri mwenzako amalize na kujua kukaa kimya jukwaani, basi nalo ni darasa la upadre. Aliyeigiza Petro akaijua aibu ya kukana, huenda siku moja akamsikiliza kwa huruma zaidi mtu aliyepiga magoti kitubioni.

Nne, tusiwadharau wala tusiwaogope wanaotuuliza juu ya vipaji tulivyoacha. Mungu hatudai tuvichukie. Anatuuliza kama viko mkononi mwake au mkononi mwetu.

Wazee wa parokia zetu wanaikumbuka sauti hiyo. Mwezi Septemba 1990 ilisikika Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Miaka 15 baadaye ilizimika. Jumapili ya Pasaka, tarehe 27 Machi 2005, Papa mgonjwa aliletwa dirishani awabariki watu waliojaa Uwanja wa Mtakatifu Petro. Alijaribu kusema, sauti haikutoka. Kijana wa Tyniecka, aliyejifunza kuigiza bila pazia, bila mavazi na karibu bila ishara, sasa alibaki hata bila sauti. Akainua mkono, akafanya ishara ya msalaba. Watu walilia, na kila mmoja alielewa kilichosemwa. Siku 6 baadaye, tarehe 2 Aprili, alirudi kwa Baba.

Mtakatifu Yohane Paulo II, utuombee sisi tunaojifunza kulitumikia Neno.